Saraka ya Arua na Maswali ya Koboko

"Wewe hapana weza hiyo kazi," baba mdogo aliniambia siku niliyorudi Koboko, mji wetu wa mpakani, kabla hata sijapewa kiti. Alikuwa askari wa zamani na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kisichobembeleza mtu. "Kompyuta iko ya Wahindi. Wewe ulitoka hapa unabeba kuku. Sasa unarudi na karatasi, unasema wewe ni fundi?"

Ni kweli nilitoka na kuku. Mwaka 1979, serikali ilipoanguka na sisi wa familia za askari tukakimbilia Sudan, mama alinipa kuku mmoja nimbebe hadi ng'ambo ya mpaka. Kuku alifika, nami nikafika. Nilisoma chini ya turubai, nikasoma Juba, kisha nikaenda Nairobi, ambako mchana nilibeba saruji na jioni nilikaa darasani mpaka nikaipata diploma ya kompyuta. Hapakuwa na mjomba serikalini wala padri wa kunilipia. Wengine hupenda kusema walisaidiwa na wengi. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu haikuwa hivyo.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea mwisho, shirika moja la misaada lilinichukua kwenye ofisi yake ya Arua. Kazi yangu ilikuwa kuitunza saraka. Saraka ni kitabu cha watu kinachokaa ndani ya kompyuta: kila aliyerudi kutoka uhamishoni, kila mkimbizi aliyepokewa, kila mfanyakazi, pamoja na kaya yake, kadi yake na mahali anapohudumiwa. Kompyuta inayoishika inaitwa seva, kwa sababu kazi yake ni kuwahudumia wengine. Dirisha la zahanati liliuliza, stoo iliuliza, mtu wa malori aliuliza nani apande na nani abaki, na wote waliiuliza seva hiyo hiyo moja, boksi la rangi ya maziwa lililokaa juu ya meza yenye mguu uliotegemezwa kwa tofali.

Koboko hapakuwa na waya wa kuifikia. Kituo chetu kule kiliuliza kwa redio. Mwendesha redio alikuwa dada mmoja wa Kinubi mwenye mdomo mkali. Alisema swali, karani wetu wa Arua akaliandika kwenye kompyuta, tukangoja, halafu karani akamjibu.

Huko kungoja ndiko kulikoniletea kazi.

"Arua, Arua. Mashine yenu imelala ama imekufa?"

"Koboko, subiri kidogo."

"Kidogo gani? Huku watu wamesimama kwa kivuli, sasa kivuli yenyewe imehama!"

Shirika likamleta mtaalamu kutoka Kampala. Alifika kwa ndege, akaitazama seva kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, akafuta vumbi mikononi.

"Ndugu yangu, mashine ni ndogo na watu ni wengi," alisema. "Saraka tutaihamishia Kampala. Ninyi mtakuwa mnatuma maswali kwa ndege, na majibu yatarudi kwa ndege."

"Ndege haiji kila siku."

"Basi watu wenu watajifunza kungoja."

Nilimwomba aniachie mpaka safari yake ijayo, kiangazi kitakapokwisha. Alicheka, lakini si kwa ubaya.

"Bwana diploma, hii si baiskeli. Huwezi kukaza nati mbili ikakimbia. Lakini haya, jaribu. Nikirudi nikakuta watu wa Koboko bado wanangoja, naondoka na saraka."

Saraka ikiondoka, mama wa Koboko anayemtafuta mwanawe angekaa siku kadhaa bila jibu, na mimi ningerudi kwenye saruji. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na kila mtu pale ofisini alijua.

Nilianza kwa kusikiliza. Wenzangu waliniona nimeweka kiganja juu ya boksi la seva kama mtu anayempima mgonjwa homa, wakanicheka. Lakini diski za zamani zilikuwa na sauti. Seva ilipopata jibu upesi, ilikaa kimya. Ilipotafuta sana, ilitafuna kama mtu anayekula mahindi makavu. Nikataka kujua inatafuna nini.

Kwanza niligundua kwamba seva, kila ilipojibu swali, iliandika pia kumbukumbu ya swali hilo, na iliiandika kwenye diski ileile ilimokaa saraka. Sindano ya diski ni moja: ikikimbilia kuandika, imeacha kusoma. Mle ndani mlikuwa na diski ya pili iliyokaa bure, basi nikahamishia kumbukumbu huko. Mahindi yakapungua.

Kisha nikaitazama faharasa. Msomaji anajua faharasa ya nyuma ya kitabu: unatafuta neno, inakupa kurasa. Saraka nayo ina faharasa zake. Aliyeiweka seva kabla yangu alikuwa ametengeneza faharasa ya kila kitu, hata ya vipande vya majina ya vijiji, ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviuliza. Kila tulipomwandika mtu mmoja mpya, seva ilibidi irekebishe faharasa zote hizo. Nikazifuta zisizo na kazi. Kuandikisha watu kukawa kwepesi, na karani wa mapokezi aliniletea soda bila kuombwa.

Ndipo nikafika kwenye memori, na hapo ndipo nilipopaona patamu. Pale sokoni Arua, mwanamke anayeuza samaki wakavu ana meza mbele yake na ghala nyuma. Ukitaka aliyeko mezani, unampata hapo hapo. Ukitaka aliyeko ghalani, anainuka, anatafuta funguo, anamsalimia mtu njiani. Memori ndiyo meza, na diski ndilo ghala. Nikaona: kwa nini nisiifanye meza iwe kubwa? Nikaiambia programu ya saraka ichukue karibu memori yote ya mashine. Ikachukua, na seva ikawa nzito kuliko mwanzo, diski inatafuna bila kupumzika. Nilivutiwa badala ya kuogopa. Nilichunguza nikaelewa: mashine yenyewe ilikuwa imekosa pa kukaa, ikaanza kuhamishia mambo yake kwenye diski. Ni kama yule mwanamke atandaze samaki mpaka mahali pake pa kukaa, halafu auze akiwa amesimama nje barabarani. Nikaipunguzia hadi nikapata kiasi ambacho wote wawili, mashine na saraka, walikaa kwa raha.

Lakini meza bado ilikuwa ndogo, na vibao vya memori havikupatikana Arua. Kuagiza Kampala kulitaka sahihi ya mtaalamu, na huyo hakuwa mtu wa kunisainia. Nikaamua kuazima.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja kule Mvara, aliyekuwa na kompyuta iliyotolewa na wafadhili.

"Utaunguza," alisema.

"Sitaunguza, mwalimu."

"Diploma yako imesema hutaunguza?"

"Imesema."

Aliitaka aisome. Aliisoma yote, hadi mhuri, akanirudishia. Akanipa kibao kwa sharti kwamba nifundishe darasa lake la kompyuta mpaka nikirudishe. Nilikubali, na walimu wa pale watakuambia wenyewe kama wanafunzi waliwahi kuelewa vile.

Wa pili alikuwa mama mmoja mwenye duka la kupigisha chapa kwa kompyuta karibu na soko. Huyu hakuuliza diploma. Alisema tu, "Kichukue. Ukikiharibu, utakaa kwenye kile kiti pale unichapie barua za watu mpaka uzeeke."

Wa tatu alikuwa Haji, mfanyabiashara wa Koboko aliyeleta kompyuta kutoka Dubai pamoja na mablanketi. Aliiweka sebuleni.

"Mwanangu, ukitoa hiyo kitu, kompyuta yangu itasahau nini?"

"Haitasahau kitu, Haji. Ukizima, memori husahau yenyewe. Yanayokumbukwa yako kwenye diski."

"Kila nikizima inasahau?"

"Kila ukizima."

"Na wanaiita memori?"

"Ndiyo, Haji."

Alicheka mpaka mke wake akaja kuona kuna nini. "Chukua," alisema. "Chukua! Kitu inasahau kila siku, mimi nakaa nayo ya nini?"

Vibao hivyo ni vidogo kama kitana, na umeme mdogo tu unaotokana na nguo kavu zikisuguana kiangazi unaweza kuviua. Nilivifunga kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara, nikavibeba kifuani kutoka Koboko hadi Arua, nikimwomba dereva apunguze mwendo kwenye mashimo. Nilivipachika mwenyewe. Vilikubaliana na seva kwa sababu nilikuwa nimechagua vinavyolingana kabla ya kuomba, sikuazima ovyo.

Zahanati ikaanza kupata majibu kabla karani hajainua mkono kwenye kibodi. Stoo vilevile. Kulikuwa na shida moja ya asubuhi: jenereta ilizimwa kila jioni, na kama nilivyomweleza Haji, memori ilisahau. Seva iliamka meza tupu, na wa kwanza kuuliza aliteseka. Nikaiandikia programu fupi: seva ikiwaka tu, inajiuliza yenyewe maswali ya kaya zilizohudumiwa wiki ile, kabla madirisha hayajafunguliwa. Watu walipofika, meza ilikuwa imeshapangwa. Sikuona hili kwenye kitabu chochote. Nililitoa kichwani mwangu.

Na Koboko?

"Arua, Arua. Mimi nimezeeka hapa. Nimeingia kwa redio msichana, sasa niko bibi."

Koboko bado walingoja. Seva ileile, memori ileile, karani yuleyule, lakini swali likitoka Koboko, mahindi makavu yanaanza. Kumbukumbu za seva zilinithibitishia kwamba maswali mazito karibu yote yalikuwa ya kwao. Hazikuniambia kwa nini. Mtu mwingine angeilaumu redio. Mimi nilijua redio haiwezi kuifanya diski itafune. Nikapanda pikapu nikaenda kukaa karibu na yule dada nione anavyouliza.

Chumba chake kilikuwa na dirisha, na nje ya dirisha watu. Mzee mmoja akaja mbele. Alimtafuta mdogo wake aliyepotezana naye walipotoka Zaire. Dada akamuuliza jina la mdogo wake. Mzee akatoa jina la dini, jina ambalo Koboko ukiliita sokoni nusu ya soko inageuka. Dada akauliza la pili. Mzee akasogea, akainamisha kichwa, akamnong'oneza sikioni. Dada akaitika, akashika redio, na akatuma la kwanza peke yake.

"Dada," nikamwambia, "mbona la pili hukulituma?"

"Lile la nyumbani?"

"Ndiyo."

"Kwa redio?" Aligeuka kabisa kunitazama. "Kaka, wewe umekaa nje mpaka adabu imeisha? Hilo jina linasema jirani alimuua babu yao kwa sumu. Huyo jirani iko na redio, watoto wake iko na redio, lori zote za hii barabara iko na redio. Nitangaze?"

Mzee nje akasema, "Hapana tangaza, mama."

"Sikia. Mutu mwenyewe amekataa."

Hapo nilihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kwetu mtoto hupewa jina la hali iliyokuwako nyumbani alipozaliwa: msiba, njaa, ugomvi wa wake wenza, masengenyo ya majirani. Mimi mwenyewe langu silitaji humu, maana linawasema watu ambao sasa ni wakwe zetu. Jina kama hilo mtu hutamka uso kwa uso. Kwenye dirisha la Arua mtu alilisema kwa karani, karani akaandika, na kwa kuwa majina hayo hayafanani, seva ilimpata mtu mara moja. Kutoka Koboko, kwa heshima, yalitumwa majina ya dini tu, yale machache ambayo Waislamu na Wakristo wetu wote wanagawana.

Na seva ilikuwa na kasoro moja juu ya hayo, niliyoikuta niliporudi na kusoma maelezo ya programu neno kwa neno. Faharasa yake ilikuwa na kikomo. Jina moja likiwa na watu wengi kupita kikomo hicho, faharasa iliacha kuwaorodhesha, ikaandika tu kwamba jina hili ni la wote. Ukiuliza, seva inapitia saraka nzima, mtu mmoja mmoja. Walioitengeneza programu walitoka mahali ambapo ukoo mzima unabeba jina moja la familia na kila familia ina lake. Hawakuwahi kufika Koboko.

Ningeweza kukipandisha kikomo. Nilijaribu. Faharasa ikavimba, na kila mtoto mpya mwenye jina hilo alipoandikwa, orodha yote ndefu iliandikwa upya. Nikakirudisha kilipokuwa. Nikajiuliza swali lingine: watu hawa wanatambuana vipi wenyewe, bila jina la nyumbani?

Nikarudi Koboko, nikashinda pale dirishani. Nilisikia hivi, kila mara:

"Yupi huyo?"

"Yule ambaye mama yake ametoka kwa watu wa mlimani."

"Ah, mpwa wa wale! Si yule mrefu?"

Ukoo wa mama. Hauna aibu, unaweza kuutangaza redioni mchana kweupe, na ukiuunganisha na jina la dini wanabaki watu wachache mno. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba ulikuwa umo ndani ya saraka tayari. Makarani wetu, wenyeji wa huku, waliuandika kwenye nafasi ya maelezo mengine bila kuagizwa na mtu, kwa sababu kwao mtu asiyejulikana mjomba wake hajajulikana bado. Nikaandika programu ya kuutoa mle, nikauunganisha na jina la dini katika sehemu moja mpya, na sehemu hiyo nikaitengenezea faharasa yake. Kazi ile ilichukua siku zangu zote za mapumziko. Maelezo mengine yaliandikwa kwa mwandiko wa haraka, mtu mmoja ameandika ukoo hivi, mwingine vile. Niliyanyoosha yote.

Kisha nikaenda kwenye redio mwenyewe.

"Koboko, uliza jina, na ukoo wa mama."

"Kwa nini ukoo wa mama? Unataka kuoa?"

"Uliza tu, dada."

Akauliza. Karani akabonyeza. Nilikuwa na kiganja juu ya boksi. Kimya. Jibu likatokea, nikalisoma: mtu anayetafutwa yuko Adumi, kwa shemeji yake, kadi yake hii hapa.

Nilimsikia akilirudia jibu kwa mtu aliyekuwa dirishani. Halafu: "Arua, hilo jibu lilikuwa kwa mfuko yako?"

"Uliza lingine."

Aliuliza mpaka dirisha lake likaisha watu. Nilimsikia akiwaambia walioko nje kwamba leo waende nyumbani mapema wakapike.

Mtaalamu alirudi mvua za kwanza zilipoanza. Alikaa kwenye kiti cha karani, akaiuliza seva maswali yake, kisha akaomba kusikiliza Koboko. Alisikiliza.

"Umenunua memori ngapi?" aliuliza.

"Sikununua. Niliazima."

"Basi ndiyo siri. Tutakununulia. Lakini bado nasema—"

Sikumngoja amalize. Nilikuwa na wazo ambalo sikuwa nimelijaribu, na nilitaka kulijua jibu kuliko nilivyotaka kumshinda. Nilizima seva, nikatoa kibao cha shule, nikawasha, nikangoja ijipange. "Uliza," nikamwambia. Akauliza. Jibu lilikuja vilevile. Nikazima, nikatoa cha mama wa duka. Akauliza. Vilevile. Nilipotoa cha Haji, alivua koti na kuvuta kiti karibu, akaweka kiganja chake juu ya boksi kando ya changu. Diski ilikaa kimya. Seva haikuwa inazunguka tena saraka nzima kumtafuta mtu mmoja, kwa hiyo ile meza ndogo tuliyoanza nayo ilitosha.

"Ulifanya nini?" aliuliza, na safari hii aliuliza kama mwanafunzi.

Nilimweleza. Aliandika. Aliomba mipangilio yangu aipeleke kwenye ofisi nyingine za shirika, nikampa, na nikamwambia ahakikishe wanajua imetoka Arua. Saraka ilibaki, na mimi nikabaki nayo.

Kesho yake niliomba ruhusa. Vile vibao vitatu nilivifunga upya, nikapanda baiskeli ya boda hadi Mvara asubuhi mapema. Mwalimu mkuu alitaka nikipachike mbele ya darasa, nikakipachika, kompyuta ikawaka. Aliniomba niendelee kufundisha. Nilimwambia nitafikiria, na bado aliniita mwalimu mbele ya wote. Mama wa duka alikipokea chake, akakinusa kama mtu anayenusa nyama, akasema hakikuungua. Alitaka kunipa chai. Nilimwambia pikapu ya Koboko haingoji.

Haji alikuwa sebuleni na wageni. Nilifungua kompyuta yake mbele yao, nikarudisha kibao mahali pake, nikawasha. Mashine za wakati ule zilihesabu memori yake kwenye kioo kabla ya kuanza, na namba zilipanda mbio huku Haji akizifuata kwa kidole. Zilipofika mwisho aligeuka kwa wageni wake.

"Mmeona? Imerudi yote. Huyu kijana ni mtoto wa marehemu yule wa kambi ya juu. Amesoma Nairobi."

"Kwa msaada wa nani?" mmoja akauliza.

"Kwa mikono yake," Haji akajibu.

Nilikunywa kahawa yake, nikawaaga, nikatoka barabarani kutafuta gari la kurudi Arua. Dereva aliniuliza kama nitapanda nyuma na magunia. Nikamwambia hapana, leo nakaa mbele.